Kololo: Kilima, Mvua na Bonde

Katika vilima vilivyoubeba mji wa Kampala, vingi vilichaguliwa na wanadamu, kila kimoja kwa haja yake: Mengo kwa ikulu ya Kabaka mfalme wa Buganda, Namirembe na Rubaga kwa makanisa makuu, Kibuli na Kampala ya Kale kwa misikiti ambayo minara yake huonekana kutoka mbali, Makerere kwa elimu, Mulago kwa tiba, na Nakasero kwa serikali. Kololo, ambacho kilele chake kimefika mita 1,311 juu ya usawa wa bahari, hakikupata wadhifa wa namna hiyo. Kilipata nyumba za wenye nacho, balozi za mataifa ya kigeni, na milingoti mirefu ya kurushia matangazo. Wageni hukisifu kwa hewa yake na mandhari yake, kisha basi. Lakini mtu akikitazama kwa makini, kuanzia jiwe la kileleni hata tope la bondeni, ataona kuwa hewa hiyo na mandhari hayo yana gharama, na kwamba wanaoilipa gharama yenyewe ni watu wakaao chini.

Kololo kiko kaskazini ya mstari wa Ikweta kwa kiasi cha kilomita 37 tu, na kusini yake, mwendo wa kilomita chache, ndipo ilipo ghuba ya Murchison, mkono mwembamba wa ziwa Victoria uingiao barani. Magharibi kimetengwa na Nakasero kwa bonde la Kitante, penye uwanja wa gofu; mashariki kimetengwa na Naguru kwa bonde la Lugogo; kaskazini mteremko hushukia Kamwokya, mtaa wenye watu wengi na nyumba zilizobanana; na kusini hushukia barabara ya Jinja na eneo la viwanda. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo mtu asimamaye kileleni yuko juu ya ziwa kwa mita 177, kimo ambacho mzoefu wa Kilimanjaro au Ruwenzori hawezi kukihesabu kuwa kitu. Walakini katika mji huu kimo hicho kimetosha kuyagawa maji, kuugawa upepo, na kuwagawa watu.

La kwanza la kustaajabisha ni umbo. Vilima vya Kampala, na vya Buganda kwa jumla, havikuchongoka. Vingi vimekatika juu vikawa bapa, na vilele vyake hukaribiana kwa kimo, hata mtu akisimama juu ya kimoja na kutupa macho mpaka mwisho wa upeo, huviona vyote kana kwamba vimepigiwa uzi mmoja na fundi mwashi. Hiyo si sadfa. E. J. Wayland, aliyeiongoza idara ya uchunguzi wa miamba ya Uganda tangu mwaka 1919, alieleza kuwa vilele hivyo ni mabaki ya uwanda wa kale, uliosawazishwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka, kisha ukainuka na kuanza kukatwa upya. Katika uwanda ule joto na unyevu viliiozesha miamba kwa kina kirefu. Madini yaliyo mepesi kuyeyuka yakachukuliwa na maji, chuma na alumini vikabaki, vikakusanyika na kugandamana hata vikawa gamba gumu jekundu. Palipokuwa na gamba zima, mvua haikuweza kuila ardhi upesi, na kilima kikabaki. Palipopasuka, maji yalipenya, yakachimba udongo laini wa chini, na bonde likapatikana. Kwa hiyo Kololo hakikuinuliwa juu ya majirani zake, kama wengi wadhanivyo. Ardhi ya pande zake zote iliondolewa, nacho kikasalia.

Mabonde nayo yana habari yake, na kwangu mimi habari hiyo ni kubwa kuliko ya vilele. Mito ya Uganda ya kusini zamani ilikuwa ikitiririka kwenda magharibi. Ardhi ya huko ilipoinuka, pamoja na kuumbwa kwa Bonde la Ufa, mito ikazuiliwa; mingine, kama Katonga na Kafu, ikageuzwa mkondo na kurudi ilikotoka, na maji yaliyojaa baina ya miinuko ya mashariki na ya magharibi yakafanya ziwa Victoria, ambalo kwa makadirio ya wataalamu umri wake ni kiasi cha miaka 400,000, na ambalo lilipata kukauka, likaanza kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Kwa kuwa mteremko wa mabonde ulipotezwa na mageuzo hayo, maji hayakuwa tena na haraka ya kwenda. Yalituama, na mafunjo yakaota. Ndiyo maana baina ya vilima vya Kampala hapana mito yenye mkondo wa nguvu, bali vinamasi virefu vya tambarare, ambamo maji huenda polepole chini ya mizizi iliyofumana, yakiacha njiani matope na uchafu yaliyokuja nao. Mtu asiyelijua jambo hili hukitazama kinamasi akakiona ni ardhi iliyokosa kazi.

Jambo jingine ambalo hata wakazi wa siku nyingi hawakosi kulistaajabia ni kwamba mji wao umekaa juu ya mgongo wa kugawa maji. Mvua inyeshayo upande wa kusini hushuka kwa mfereji wa Nakivubo hata ghuba ya Murchison, ikaingia ziwani. Inyeshayo upande wa kaskazini hushika njia ya kinamasi cha Lubigi, ikaufuata mto Mayanja, ikaingia mto Kafu. Maji ya ziwa nayo hutoka Jinja kwa mto Nile, hupita ziwa Kyoga, na baada ya hapo ndipo Kafu unapojiunga. Basi matone mawili yaliyoangukia pande mbili za mji mmoja huachana kwa safari ya mamia ya kilomita kabla ya kukutana tena katika mto uendao Misri.

Mteremko wenyewe unastahili kusomwa hatua kwa hatua, na mahali pazuri pa kuusoma ni pale barabara ilipoukata ubavu wa kilima na kuacha ukuta wa udongo wazi. Juu kabisa mna udongo mchache wa rangi ya kahawia, usiozidi shubiri mbili, nao umejaa vijiwe vya mviringo, vyekundu kwa weusi, vya ukubwa wa punje ya kunde hata wa njugu mawe. Chini yake vijiwe hivyo vimeshikana vikawa mwamba wenye vitundu vitundu, mgumu wa kuirudisha sururu, ambao ukipigwa nyundo hutoa vumbi la rangi ya kutu. Hiyo ndiyo moramu itandikwayo barabarani katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Chini zaidi ugumu hukoma ghafula: huja udongo laini wa mabaka mekundu, meupe na ya manjano, ambao ukilowa huweza kutobolewa kwa kidole. Ukishuka ubavuni, gamba hupotea, na badala yake pana udongo mwekundu wenye kina, ambao ndio uliolisha migomba ya Buganda kwa karne nyingi. Ukishuka tena, wekundu hupauka ukawa manjano, kisha kijivu. Na ukifika ukingoni mwa mafunjo unakuta mchanga mweupe na ufinyanzi mzito unaonuka majani yaliyoozea majini.

Mpango huu hujirudia kilima baada ya kilima. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, ndiye aliyetoa hoja mwaka 1935 kwamba udongo wa namna hiyo usihesabiwe mmoja mmoja bali kama mnyororo, kwa maana udongo wa chini umefanyika kwa yale yaliyochukuliwa na maji kutoka kwa ule wa juu. Na mnyororo wa vilima vya Buganda ukawa miongoni mwa mifano mashuhuri ya hoja yake. Naitaja fikira hii kwa fahari, maana ilitoka katika ardhi ya Afrika ya Mashariki na sasa hufundishwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Lakini naitaja vile vile kwa sababu aliyeielewa hawezi tena kusema kuwa jambo lifanywalo juu ya kilima ni la juu ya kilima peke yake.

Sasa tuje kwenye hewa. Watu husema kuwa Kololo kuna ubaridi kwa sababu ya kimo, na neno hilo lina ukweli, ila ni mchache. Hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi ukipima kutoka sakafu ya Kitante hata kilele, tofauti haizidi uzi mmoja hivi. Upole wa hewa ya Kampala, ambayo mchana hufika nyuzi 27 au 28 na usiku hushuka hata 17, wakati ambapo mtu wa Mombasa hulala madirisha wazi na jasho likimtoka, umetokana na kimo cha nchi nzima ya Buganda iliyoinuka zaidi ya mita 1,100, wala si kimo cha kilima kimoja. Na kwa kuwa jua la Ikweta haliondoki mbali mwaka mzima, mwezi haupitani sana na mwezi. Tofauti kubwa ya joto ni ile ya mchana na usiku, na wazee wa elimu ya hewa walizoea kusema kuwa usiku ndio kipupwe cha nchi za namna hii.

Kinachokitofautisha kilima na bonde ni mwendo wa hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani, iliyo baridi na yenye mvuke, huja kushika mahali pake. Upepo huo hutoka kusini, hupita juu ya mitaa ya chini iliyojibana, na hufika Kololo ukiwa haujavunjwa na kuta. Usiku mambo hupinduka. Ardhi hupoa, hewa iliyogusana nayo hupoa na kuwa nzito, ikateremka mabavuni taratibu hata ikatuama bondeni, kiasi kwamba kabla ya alfajiri kilele huwa na joto kuliko Kitante au Lugogo, na ukungu mweupe hulala juu ya mabonde hali milingoti ya Kololo imetokeza juu yake. Moshi wa mkaa wa majiko ya asubuhi, na moshi wa magari na bodaboda, hunaswa ndani ya tabaka hilo la hewa iliyotuama. Mkazi wa kilimani huamka akaona bahari ya ukungu, akaisifu. Mkazi wa bondeni ndiye anayeivuta kwa mapafu.

Ziwa hilo, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ndilo bwana wa mvua ya hapa. Kiasi cha asilimia 80 ya maji yake hulijia moja kwa moja kutoka mbinguni, na sehemu inayokaribia hiyo hurudi hewani kwa mvuke. Usiku, pepo za kutoka nchi kavu za pande zote hukutana katikati yake, hewa yenye unyevu hulazimishwa kupanda, na ngurumo huanza juu ya maji wakati watu wamelala. Kwa kuwa pepo kuu za juu hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea pwani za magharibi na za kaskazini-magharibi. Ndiyo sababu visiwa vya Ssese na mji wa Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na Kampala, iliyo pembeni kidogo mwa njia hiyo, hupata milimita 1,200 hadi 1,300. Kampala basi ina mvua za aina mbili zenye saa zake: za alfajiri na asubuhi, zitokazo ziwani, na za alasiri, zizaliwazo na joto la nchi kavu pale upepo wa ziwa unapopambana na upepo wa bara juu ya vilima.

Juu ya mzunguko huu wa kila siku umewekwa mzunguko wa mwaka, ambao msomaji wa pwani ataujua mara moja. Jua likivuka Ikweta mwezi Machi na mwezi Septemba, ukanda wa kukutania pepo za kaskazini na za kusini hulifuata nyuma, na mvua hukithiri: za Machi hata Mei, ambazo Waganda huziita ttoggo na zinalingana na masika yetu, na za Septemba hata Desemba, waziitazo ddumbi, zilizo ndugu wa vuli. Tofauti ni kwamba katika pwani kaskazi na kusi ndizo zinazoamuru, na katikati ya misimu nchi hukauka kwelikweli, ilhali Kampala haimalizi mwezi bila ya mvua. Januari, Februari na Julai hupungukiwa tu. Kusini ya Uganda ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazosikia radi kwa siku nyingi katika mwaka, na katika siku hizo milingoti ya Kololo hupata kazi ya pili, ya kuipokea radi, ambayo haikukusudiwa na waliotaka matangazo tu.

Tufani ya alasiri ionekanavyo kutoka Kololo inafaa kuelezwa. Tangu saa sita mawingu hujipanga kusini, meupe na yenye vichwa vya duara. Ifikapo saa nane vitako vyake vimekwisha kuwa vya rangi ya risasi, na mwewe waliokuwa wakielea juu ya bonde hushuka. Upepo hukoma. Kisha huja mkupuo wa baridi, wenye harufu ya vumbi lililolowa, ukipinda mijakaranda na kuangusha maua yake barabarani, na nyuma yake pazia la kijivu linafuta Muyenga, halafu Kibuli, halafu eneo la viwanda, mtaa kwa mtaa, hata matone mazito yakapiga mabati. Kwa muda wa dakika arubaini au saa moja hunyesha mvua ambayo London ingeipata kwa majuma mawili. Katika mifereji ya kando ya barabara maji huteremka yakiwa mekundu kama yaliyotiwa hina, yakibeba vijiwe vile vya mviringo, chupa za plastiki na majani. Na jua linaporudi, lami ya Kololo hutoa mvuke na kukauka kabla ya sala ya alasiri. Aliye juu husema mvua imekwisha. Kwa aliye chini ndipo inapoanza.

Kwamba juu na chini pamekaliwa na watu mbalimbali, hilo halikuletwa na maumbile peke yake. Makabaka walijenga juu ya vilima tangu kale, kwa ulinzi na kwa heshima. Walipofika wafanya biashara wa kutoka Unguja, akiwamo Ahmed bin Ibrahim aliyefika Buganda mwaka 1844 zama za Kabaka Suna, na baadaye msafiri Stanley aliyemkuta Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1875, walilikuta jumba la mfalme kileleni na mashamba ya migomba mabavuni. Walakini mabonde yalikuwa ya wote: ya maji, ya mafunjo ya kuezekea, ya ufinyanzi wa vyungu. Afisa wa Kiingereza Lugard alipopiga kambi juu ya kilima kidogo cha Kampala mwezi Desemba mwaka 1890 akajenga boma, alianzisha utaratibu mwingine. Baada ya kujulikana kuwa malaria huenezwa na mbu, madaktari wa serikali ya kikoloni walishikilia kuwa salama ya Mzungu ni kukaa mbali na wenyeji, na Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa mwaka 1913 kukagua hali ya afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, Uganda na Unguja, alipendekeza kila taifa litengewe mtaa wake, na baina ya mitaa hiyo pawe na ukanda usiojengwa. Mimi siwezi kuisoma taarifa ya namna ile bila ya uchungu, maana elimu ya kweli kuhusu mbu ilitumika kuwatenga watu, na mbu mwenyewe, azaliwaye katika maji ya mashimo, akaachiwa wale wasiokuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kololo kilijengwa hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ramani ya Ernst May, mbunifu wa Kijerumani aliyepata sifa kwa nyumba za Frankfurt, akahamia Tanganyika mwaka 1934, na ambaye wakazi wa Mombasa wenye umri watamkumbuka kwa hoteli ya Oceanic. Mpango wake wa Kololo na Naguru, uliotolewa mwaka 1947, ulikuwa na hekima moja isiyokanika: barabara zake hazikupanda kilima kwa mstari ulionyoka, bali zilikizunguka kwa kufuata usawa wa ardhi, zikakata mwendo wa maji badala ya kuuongeza kasi. Nyumba zilipewa viwanja vikubwa vyenye miti. Lakini ulifuata pia sharti la zama zake: Kololo kwa Wazungu na Waasia, Naguru kwa Waafrika, na bonde la Lugogo katikati. Chini ya kilima, katika uwanja uliokuwa wa ndege ndogo, ndipo bendera ya Uganda ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, na baada ya hapo nyumba za Kololo zilipata wenyewe wapya. Viwanja vikubwa na miti vikabaki miaka mingine mingi, vikifanya kazi ambayo hakuna aliyeiandikia mshahara.

Kazi hiyo ni ya kunywa maji. Majani ya mti huikamata mvua na kuipunguza kishindo, mizizi huifungulia njia ndani ya udongo, na udongo wenye kina wa mabavuni huihifadhi na kuitoa kidogo kidogo kwa siku nyingi, ikatokea bondeni kuwa chemchemi safi. Lakini katika miaka hii nyumba moja yenye bustani hubomolewa, pakasimama jengo la orofa nyingi; bustani huwa maegesho ya magari, na maegesho huwekwa matofali au saruji mpaka ukutani. Katika kiwanja cha namna hiyo karibu kila tone hugeuka maji ya kukimbia, likafika mferejini baada ya dakika chache. Viwanja mia vikifanya hivyo kwa pamoja, na vilima vyote vinavyoizunguka Nakivubo vikafanya hivyo, mfereji uliochimbwa kwa ajili ya mji mdogo hupokea kwa nusu saa maji ambayo zamani uliyapokea kwa siku mbili tatu. Mitaa ya mabondeni, Bwaise na Kalerwe upande wa Lubigi, na njia zilizo karibu na Mnara wa Saa upande wa Nakivubo, hufurika. Wenye maduka huinua magunia ya unga juu ya meza, na vyoo vya mashimo vilivyochimbwa katika ardhi yenye maji karibu hufurika navyo, ndipo kipindupindu kinapopata njia. Hukumu isemwayo siku zote ni kuwa watu hao wamejenga kinamasini. Ni kweli wamejenga kinamasini, tena kwa madhara yao wenyewe. Lakini maji yaliyoingia nyumbani mwao hayakuangukia paa lao.

Kinamasi chenyewe kimekuwa kikifanya hisani kubwa bila ya kushukuriwa. Maji ya Nakivubo, yenye taka za mji na za viwanda, yalikuwa yakitandazwa na mafunjo kabla ya kuingia ghuba, uchafu ukashuka, mizizi ikala sehemu ya rutuba iliyozidi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1999 ulikadiria kuwa kazi hiyo ya kusafisha ilikuwa na thamani ya dola za Kimarekani baina ya milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, maana ndizo ambazo mji ungelazimika kuzitoa kuifanya kazi hiyo hiyo kwa mitambo. Tangu wakati ule mafunjo yamekatwa, mashamba ya magimbi yamepandwa, viwanja vimejazwa moramu iliyochimbwa katika vilima vile vile, na mfereji umenyoshwa ili maji yaende upesi. Nayo yameenda upesi, yakaingia ghubani bila ya kusafishwa.

Ghuba hiyo hiyo ya Murchison ndiyo iliyokuwa kisima cha Kampala kwa miaka mingi. Mitambo ya Ggaba huvuta maji ya ziwa, ikayatia dawa, ikayasukuma kwa nguvu za umeme hata matangi yaliyo juu ya Muyenga, kilima ambacho kwa sababu hiyo watu hukiita Tank Hill, kisha yakashuka kwa uzito wake yenyewe kwenda mabombani. Kadiri maji ya ghuba yanavyochafuka ndivyo gharama ya dawa inavyozidi, na mji umelazimika kujenga chanzo kingine Katosi, katika wilaya ya Mukono, mbali na uchafu wake. Tazama basi mzunguko ulivyo: maji safi huanguka bure juu ya paa la Kololo, hutupwa mferejini, huharibu bidhaa za masikini njiani, huingia ghubani yakiwa machafu, huvutwa, husafishwa kwa fedha nyingi, na hupandishwa tena kilimani kwa umeme ili yamwagiliwe bustani iliyoyatupa.

Kuupanua mfereji kunahitajika, na kuyalinda mafunjo yaliyosalia ni wajibu wa serikali usio na udhuru. Pia ukanda wa majani wa Kitante, ambao umekwisha kumegwa kwa maduka na hoteli, usimegwe tena. Lakini ile kazi iliyo rahisi kuliko zote iko juu, wala haingoji mkopo wa nje. Paa la mita za mraba 200, likipata mvua ya milimita 50, ambayo ni tufani moja kubwa ya alasiri, hutoa lita 10,000 za maji. Tangi jeusi la plastiki la kuhifadhi lita hizo huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini kote, na yapitayo kipimo chake huweza kuelekezwa katika shimo lililojazwa mawe, lililochimbwa chini ya lile gamba la moramu hata kufikia udongo laini unaokunywa maji. Mamlaka ya mji ikilifanya jambo hilo kuwa sharti la kila kibali cha kujenga juu ya vilima, kuanzia Kololo ambako fedha ipo na viwanja bado vipo, mtu wa Bwaise ataupata unafuu wake katika ttoggo ya kwanza.